TAJIRI NA GHARAMA ZA MAISHA VISIWANI
Nakala ya mazungumzo kwa wananchi wa Bukoba na Muleba



Mazungumzo haya yanahusu jambo linalogusa kila jiko, nalo ni gharama za maisha, pamoja na nafasi ya watu wenye uwezo katika kupanda kwa gharama hizo. Mfano utakaotumika zaidi ni wa visiwa vya Wilaya ya Muleba, kama vile Bumbiire, Ikuza, Goziba na Kerebe, kwa kuwa kisiwani chanzo cha bei huonekana wazi kuliko nchi kavu.

Ifahamike kwanza kwamba si kila bei kubwa ni dhuluma. Unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na hata mkungu wa ndizi havina budi kuvuka maji kabla ya kufika dukani kisiwani. Mwenye chombo hununua petroli, hulipa wapakiaji, na upepo ukichafuka mzigo hulala ufukweni au hulowa. Gharama hizo ni za haki, na mlaji hana budi kuzibeba. Usafiri ukiwa wa uhakika, mzigo huo hupungua. Ndiyo maana kurejea kwa meli ya MV Victoria katika safari za Mwanza na Bukoba mwaka 2020, baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, kulipokewa kwa furaha na wafanyabiashara na walaji vilevile.

Hata hivyo, ipo sehemu ya bei isiyotokana na maji wala upepo. Katika kambi za uvuvi, mwenye mtumbwi, injini na nyavu huitwa tajiri. Wavuvi huingia ziwani na chombo chake, na samaki wakiuzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa. Mgawo hutofautiana kati ya kambi na kambi, lakini mfano mmoja wa hesabu unatosha kueleza jambo lenyewe.

Ichukuliwe kwamba mauzo ya usiku mmoja ni shilingi 210,000, na petroli pamoja na chakula cha safari ni shilingi 90,000. Zinabaki shilingi 120,000. Tajiri akichukua nusu, wavuvi watatu watagawana shilingi 60,000, yaani shilingi 20,000 kila mmoja. Sasa ichukuliwe kwamba bei ya petroli na chakula imepandishwa kwa shilingi 30,000. Zitabaki shilingi 90,000. Tajiri atapata 45,000 na kila mvuvi 15,000. Kwa juu juu itaonekana kwamba wote wameumia. Lakini iwapo petroli na chakula hicho vimenunuliwa katika duka la tajiri huyo huyo, naye hakuongezewa bei alikovinunua, basi alichopoteza katika mgawo ni shilingi 15,000, na alichoongeza dukani ni shilingi 30,000. Mvuvi hana duka. Hasara yake haina pa kurudia.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mazungumzo haya. Utajiri peke yake haupandishi gharama za maisha. Gharama hupanda pale mtu mmoja anapokuwa mwenye mtumbwi, mwenye duka, muuza petroli, mkopeshaji na mpangishaji wa vibanda kwa wakati mmoja, na asiwepo mwingine wa kulinganisha naye bei. Mvuvi aliyekopa unga hawezi kuhama mtumbwi kabla ya kulipa deni, na deni halilipiki kwa sababu anaendelea kula. Tajiri mwenyewe naye mara nyingi amefungwa na wakala wa kiwanda aliyemkopesha nyavu na injini kwa sharti la kumuuzia samaki kwa bei ya wakala. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, mnyororo huo ulionekana dhahiri: soko la sangara liliyumba mbali, na aliyeumia ni yule wa mwisho katika mnyororo, ambaye hakuwa na akiba wala samaki mwingine wa kuuza ng'ambo.

Wananchi wa Bukoba na Muleba si wageni wa jambo hili. Wazee wanaukumbuka utaratibu wa nyarubanja, ambao kwao mkulima alilima kibanja kilichohesabiwa kuwa mali ya mtwazi, akamlipa kila mwaka kwa mazao na kwa kazi. Utaratibu huo uliondolewa kwa sheria ya mwaka 1965 na marekebisho ya mwaka 1968. Lakini sheria iliondoa jina la mtwazi, haikuondoa shida ya fedha miezi ya njaa. Ndiyo maana butura imeendelea licha ya kupigwa marufuku: mkulima mwenye mgonjwa au ada ya shule huiuza kahawa ingali ua, kwa bei ya mwenye haraka, na msimu ukifika huichuma kwa mikono yake na kuipeleka kwa mwingine.

Huko Zanzibar, wakazi wa Ng'ambo walijenga vibanda vyao wenyewe juu ya viwanja vya matajiri wa mjini, wakilipa kodi ya ardhi. Kodi hiyo ilipopandishwa mno katika miaka ya 1920, wakazi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikataa kwa pamoja kuilipa mwaka 1928. Wenye viwanja walikuwa na uwezo wa kumfukuza mmoja mmoja mahakamani. Hawakuwa na uwezo wa kuufukuza mtaa mzima.

Ipo pia tahadhari ya upande wa pili. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, Taifa liliendesha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Nia ilikuwa njema, lakini kumkamata mwenye duka hakuleti sabuni. Bidhaa zilianza kuonekana kwa wingi baada ya biashara kulegezewa masharti kuanzia mwaka 1984. Kwa hiyo kumfukuza tajiri kisiwani si dawa. Akiondoka, huondoka na injini, na ndiye aliyethubutu kuweka mali yake juu ya maji yenye dhoruba na wezi wa nyavu.

Dawa ni kumpa mvuvi na mkulima mahali pengine pa kusimama. Hesabu ya kila safari na iandikwe, na mvuvi apewe nakala yake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, visimamie mizani za mwaloni, na mizani zenye mashaka zipelekwe kwa Wakala wa Vipimo. Wavuvi na waunganishe akiba zao, ili duka la pili lifunguliwe kisiwani. Duka moja la wanachama, hata likiwa dogo, hushusha bei ya duka kubwa kuliko hotuba kumi. Wakulima nao watumie vyama vyao vya msingi, na vyama hivyo viwe na mfuko wa mikopo midogo ya miezi ya njaa, kwa kuwa mwenye njaa haambiwi asubiri msimu.

Kwa ndugu wenye uwezo, neno ni moja. Mvuvi asiyeweza kununua unga leo hatakuwa na nguvu za kuvuta nyavu kesho, na kambi isiyokalika hupoteza mabaharia wake hodari kabla ya kupoteza samaki. Faida ya haki hudumu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni wajibu wa kila mmoja kuhakikisha kwamba kibaba chenyewe hakikutobolewa.