Kengele ya Hatari Kazini: Nani Anaisikia?

*Maelezo yaliyotolewa kwa waajiri na wafanyakazi*



Alasiri ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, Marekani. Kiwanda kilikuwa ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Moto ulianzia ya nane, kwenye mabaki ya vitambaa. Karani mmoja akapiga simu ghorofa ya kumi, walikokuwa wenye kiwanda, nao wakatorokea paani wakaokoka. Ghorofa ya tisa haikuambiwa. Kengele haikuwapo. Wafanyakazi walijua kuna moto walipouona, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinataka mazoezi ya kuondoka jengoni angalau mara moja kila miezi 12. Si mzigo mkubwa.

Kununua kengele ni rahisi; kazi ni kuhakikisha inasikika. Penye kinu cha kusaga mahindi, au kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mlio hupotea katika kelele. Hapo panahitajika pia taa inayomulika, ambayo hata mfanyakazi kiziwi ataiona. Moto nao mara nyingi hukata stima, kwa hiyo king'ora kisicho na betri hunyamaza wakati ule ule kinapohitajika. Kuna pia kile kifaa cha kutambua moshi ambacho hulia kidogo kidogo betri ikikaribia kuisha. Watu huchoka na kelele, wakakitoa na kukiweka kwenye droo. Kila mahali pa kazi pawe na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, wa kujaribu vifaa hivi kila mwezi.

Anayefanya kazi peke yake hana wa kumpigia kelele: mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu katika zahanati, mhudumu wa kituo cha mafuta. Kitufe cha dharura kinachovaliwa shingoni humsaidia, mradi upande wa pili kuna mtu aliye macho. Asiyeweza kukinunua apange simu kila baada ya saa moja. Isipojibiwa, mtu aende kuangalia.

Mfanyakazi anayeona hatari kubwa ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, na sheria haimruhusu mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli uripotiwe kwa afisa wa Usalama na Afya Kazini. Moto ukizuka, nambari ni 999 au 112, na anayepiga ataje kwanza mahali alipo.