Tajdidi na Fungu la Mjane
Mhadhara wa umma, Nyalenda, Kisumu



Hadithi iliyopokewa na Abu Daud yatueleza kwamba kila mwanzo wa miaka mia, Mwenyezi Mungu huuletea umma huu wa kuihuisha dini yake; uhuishaji huo ndio tajdidi. Wengi humngoja mtu mmoja mashuhuri. Mwanachuoni Ibn Hajar aliona kwamba wahuishaji waweza kuwa kundi zima, kila mmoja katika fani yake. Mimi nafuata kauli hiyo, kwa sababu ndiyo inayotubebesha wajibu sisi tulioketi hapa.

Tazameni pwani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891, alisoma fikra za Muhammad Abduh wa Misri na za Rashid Rida, akatoa majarida ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Aliandika kwa Kiswahili ili baharia na mama wa nyumbani wafahamu. Alikemea israfu za harusi na matanga, akataka mabinti wasomeshwe. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Kabla yake, Habib Saleh wa Lamu aliwapokea darasani watu waliokuwa wakidharauliwa kwa nasaba zao. Wafuasi wa wazee hawa wawili wamebishana sana juu ya maulidi, na kwa maoni yangu ubishi huo umetumalizia nguvu nyingi mno. Wazee wenyewe walishughulika na mtu aliyenyimwa haki yake.

Hapa Nyalenda ni nani huyo? Nasema bila kusita: ni mjane.

Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, imemkadiria fungu lake: thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Deni na wasia hutangulizwa, fungu haliondoki. Lakini mume akishazikwa, shemeji huja na hoja za ukoo, mlango hutiwa kufuli, na mama huyu huambiwa kwamba ndiyo desturi. Anayemwambia hivyo huenda alisimama naye Ijumaa msikiti mmoja. Msiseme hayo ni mambo ya nyumbani tu. Desturi inayofuta fungu lililotajwa na Qurani ndiyo vumbi ambalo tajdidi huja kulipangusa.

Wala njia haijafungwa. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kwenda mbele yake. Kisumu mahakama hiyo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza mjane kwa lugha anayoisikia vizuri, na kwa majirani wengi hapa lugha hiyo ni Dholuo.

Basi nawaomba, maimamu na walimu wa madrasa: mirathi isomeshwe mimbarini, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, wake wakiwa wanasikia, waume wakiwa bado hai.