Data Ikikosewa, Inasahihishwaje? Kutenganisha na Kusimamia Data za Kampuni



Nimeombwa nizungumzie aina za data katika kampuni na namna ya kuzisimamia. Vitabu vya fani hii huanza na orodha: data kuu, data rejea, data za miamala, data za ripoti, nyaraka, metadata. Orodha hiyo ni sahihi, lakini mtu wa stoo akisomewa hujiuliza inamhusu nini, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo nitaingilia mlango mwingine. Kitu hiki kikiwa na kosa, kinasahihishwaje, na nani ana mamlaka ya kukisahihisha? Majibu yakitofautiana, basi hizo ni aina mbili za data, hata kama zimelala kwenye faili moja la Excel.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Ghala lake liko Mbeya na wateja wake wametawanyika kuanzia Makambako hadi Tunduma. Inauza saruji, nondo, mabati na rangi. Mteja wa Tunduma amechukua mifuko 200 ya saruji, yaani tani 10, na ankara imetoka.

Itazameni ankara hiyo. Tarehe, namba ya ankara, idadi ya mifuko na jumla ya fedha vinasimulia tukio lililokwisha kutokea: hizo ni data za muamala. Jina la mteja na namba yake ya mlipakodi, yaani TIN, havikuzaliwa na tukio hilo. Vilikuwepo jana na vitatumika kesho: hizo ni data kuu. Kiwango cha VAT cha asilimia 18 na jina la mkoa si vya kwetu kabisa: vimeamuliwa na serikali, sisi tunaazima tu, na ndizo data rejea. Na ile nakala yenye saini na muhuri wa aliyepokea mzigo ni waraka, ushahidi wa kupelekwa mbele ya mkaguzi au hakimu. Karatasi ni moja, na aina za data ni nne.

Muamala haufutwi. Hapa wahasibu hawahitaji mwalimu. Tangu Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake Venice mwaka 1494, kanuni yao imekuwa kwamba kosa hurekebishwa kwa ingizo jingine, la kwanza likibaki linaonekana. Saruji iliyozidi inatolewa krediti noti, na ankara ya awali inakaa palepale. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi ya kielektroniki, nayo ikishatoka, taarifa zake zimekwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na haziko tena mikononi mwetu. Ajabu ni kwamba bado kuna mifumo inayouzwa mitaani yenye kitufe cha kufuta ankara, na kuna mameneja wanaokipenda. Ukikibonyeza, salio la stoo linapanda kwenye kompyuta wakati saruji yenyewe imeshakuwa zege Tunduma. Mwisho wa mwezi mtunza stoo ndiye anayetafutwa.

Data kuu ni kinyume chake: hizi lazima zirekebishwe, tena mahali pamoja tu. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa. Tuseme mteja yuleyule ameandikwa mara tatu. Karani wa asubuhi aliandika jina la duka, wa mchana akaandika jina la mwenye duka, na wa tawi la pili akaliandika duka kwa kifupi na kuongeza “T/duma”. Kikomo cha mkopo kwa mteja wa daraja lake ni shilingi milioni 5. Kwa kuwa mfumo unamwona kama watu watatu, anaweza kukopa hadi milioni 15 bila kengele yoyote kulia, na hakuna aliyevunja utaratibu. Mdai madeni akimpigia, anamdai theluthi moja ya deni.

Dawa yake si kuwahimiza makarani wawe makini. Umakini tumeusisitiza miaka yote. Kinachohitajika ni kitambulisho kimoja kisichotegemea tahajia: TIN kwa mwenye nayo, na kwa asiyenayo, namba ya mteja inayotolewa na kampuni yenyewe. Namba ya simu haifai kuwa kitambulisho, ingawa ndiyo inayopendwa, kwa sababu laini isiyotumika huweza kuuzwa upya na kampuni ya simu, na siku moja ujumbe wa deni ukamfikia mtu asiyejua hata bei ya saruji. Kisha mlango wa kusajili mteja mpya uwe mmoja. Karani ajaze maombi, na mtu mwingine atafute kwanza kama mteja huyo yumo, ndipo aidhinishe.

Bidhaa nazo zina mkasa wake. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani moja inatoa karibu nondo 94. Sisi tunanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Aliyesajili bidhaa hiyo akiandika kwamba tani ni nondo 90, kwa kuwa namba inayoishia na sifuri inakumbukika, kila tani inayoingia itakuwa na nondo nne hivi zisizo na mwenyewe kwenye vitabu. Ghala lina ziada ambayo mfumo hauijui, na ziada ya namna hiyo haikai ghalani muda mrefu. Kosa ni la tarakimu moja iliyoandikwa siku moja, lakini linajirudia katika kila mzigo, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kukosea data kuu na kukosea muamala.

Data rejea zinadharauliwa kwa sababu huonekana hazibadiliki. Zinabadilika, ila kwa amri ya mwingine. Makambako ilikuwa mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012. Tunduma ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipomegwa mwaka 2016. Kampuni yetu haikuhama wala wateja wake hawakuhama, lakini ripoti ya mauzo kwa mkoa itaonyesha Mbeya imeanguka mwaka huo na Songwe imechipuka kutoka sifuri. Nimewahi kuona mkutano mzima ukimhoji meneja wa mauzo kuhusu anguko la namna hiyo. Kilichotakiwa si kufuta “Mbeya” na kuandika “Songwe”, wala kuacha mambo yalivyo. Jina la zamani linafungwa kwa tarehe ya mwisho, jipya linafunguliwa kwa tarehe ya kuanza, na wilaya au kata ya mteja inabaki ndiyo nanga. Kwa njia hiyo ripoti inaweza kusomwa kwa ramani ya wakati ule au kwa ramani ya leo.

Wenye matawi Kenya wanalijua somo hili kwa upande wa kodi. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Bidhaa iliyouzwa Novemba na kurudishwa Februari inatolewa krediti noti kwa kiwango cha Novemba. Mfumo wenye kisanduku kimoja tu cha kiwango cha kodi, kisicho na tarehe, hapo unakwama, na mhasibu anarudi kwenye kikokotoo.

Ripoti sitazisema sana. Data zake hazisahihishwi kwenye ripoti. Anayeona mauzo ya mji wa Vwawa yana kosa akabadilisha namba kwenye jedwali la mkurugenzi ameficha kosa, na mwezi ujao litarudi. Arudi kwenye chanzo. Metadata nazo, yaani maelezo kuhusu data zenyewe, kazi yake kubwa hapa ni kumaliza ubishi: “mauzo” maana yake ni pamoja na VAT au bila VAT? Jibu liandikwe, na aliyeliandika ajulikane.

Kuna jambo linalogusa aina zote hizi, nalo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Kampuni ya nondo inaweza kudhani haihusiki. Lakini namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya dereva iliyoandikwa kwenye daftari la getini inaanza na tarehe yake ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku, tarakimu nane za mwanzo. Yeyote anayelifungua daftari anaisoma. Picha za vitambulisho vya wateja wa mkopo zimo kwenye simu za maofisa mauzo, ndani ya makundi ya WhatsApp, na ofisa akiacha kazi anaondoka nazo. Hizo ni nyaraka za kampuni ambazo kampuni haina mamlaka nazo tena.

Mteja akitaka taarifa zake zifutwe, tunafanyaje na ankara zake? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa angalau miaka 5. Anayejua kutenganisha aina za data hapati shida kubwa. Miamala inabaki kwa muda wa kisheria, nakala ya kitambulisho na namba za wadhamini zinaondolewa mkopo ukishalipwa na sababu ya kuzitunza ikiisha, na rekodi ya mteja inafungwa isitumike kwa matangazo. Aliyerundika vyote kwenye faili moja ama atafuta vyote, ama atang’ang’ania vyote, na kwa vyovyote atakuwa amevunja sheria mojawapo.

Baada ya chai, kila kundi lichukue orodha ya wateja wa kampuni yake na kuipanga kwa TIN, si kwa jina. TIN inayojitokeza zaidi ya mara moja itiwe alama, na pembeni yake iandikwe jumla ya deni la majina yote pamoja na kikomo cha mkopo kilichoidhinishwa. Wasio na TIN wapangwe peke yao. Kabla ya kuunganisha majina yoyote, mkubaliane ndani ya kundi nani katika kampuni ana mamlaka ya kusema kwamba hawa wawili ni mtu mmoja: mhasibu, meneja wa mauzo, au mtu wa kompyuta. Mimi ningempa mhasibu, lakini niko tayari kubishiwa.