Mbunge aliyeshinda akiwa kizuizini

Msikilizaji, ukitaka kuzielewa siasa za Arua, Uganda, anza na Kassiano Wadri. Miaka mingi alikuwa mbunge wa Terego kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, akapanda hadi mnadhimu mkuu wa upinzani bungeni. Kisha kiti kikamponyoka.

Juni 8, 2018, Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, aliuawa kwa risasi Kawanda, karibu na Kampala. Huyu ndiye aliyevaa njano ya chama tawala, NRM, kila aendako. Hata gari lake lilikuwa la njano. Wadri akaingia kugombea kiti hicho kama mgombea binafsi, akiungwa mkono na mwanamuziki na mbunge Bobi Wine.

Agosti 13, mwishoni mwa kampeni, mji wa Arua ulichafuka. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, akapigwa risasi akafa. Wadri akakamatwa. Siku mbili baadaye, akiwa kizuizini, akapata kura 6,421 dhidi ya 4,798 za Nusura Tiperu wa NRM. Kesho yake akasomewa shtaka la uhaini mahakamani Gulu.

Sisi wa Logiri, watu wa jimbo jirani la Vurra, hatukupiga kura ile, lakini aliyepeleka mihogo Arua alirudi na habari zake.

Wapo wanaosema zilikuwa kura za huruma. Sikubaliani nao. Huruma ilikuwepo, ndiyo, ila mtu huyu alijulikana huku kabla Bobi Wine hajaingia siasa.

Dhamana ya Wadri ilipatikana Agosti 27, ndipo akaenda kuapishwa.