Betri Iliyochoka Bado Ina Mwanga: Maneno ya Vijana wa Ufundi Redio



Redio ikinyamaza tunatupa betri, kumbe volti 1 hivi imebaki. Ledi nyeupe huhitaji volti 3 hivi. Tunatumia transista moja, rezista ya omu 1,000 na kijiti cha feraiti cha redio mbovu. Kwenye kijiti tunazungusha nyaya mbili pamoja, mara 30; mwisho wa mmoja tunauunga na mwanzo wa mwenzake. Ukigeuza hapo, taa inakataa. Transista huwasha na kukata mkondo maelfu ya mara kila sekunde. Ukikatika, volti hupanda.

Mtoto anasoma bila kibatari chini ya turubai, na moto wa turubai hausubiri ndoo. Tunaomba kila mtaa utuwekee betri kuukuu. Zilizovuja, msiwape watoto kuchezea.