Reli Yaja Kisumu: Twauliza Masharti Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Otonglo



Habari ya reli ya Wachina mwaijua. Iliondoka Mombasa ikafika Nairobi mwaka 2017, ikasogea hadi karibu na Suswa Oktoba 2019, ikasimama pale bondeni kwa kukosa fedha. Sasa mpango wa kuileta Kisumu, kisha Malaba, umefufuliwa, na vijana wetu hapa Otonglo wanaulizana kazi zitaandikwa wapi. Sisi hatuwakatazi. Kazi yatakiwa. Lakini twataka kwanza kuuliza zitaandikwa kwa masharti gani.

Wako wasemao Wachina ni wabaya, na wako wasemao ni rafiki kwa kuwa hawakututawala. Maneno yote mawili hayatusaidii. Waingereza walifikisha reli ya kwanza hapa ziwani Desemba 1901, kwa mikono ya Wahindi zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 kati yao wakafa kazini. Wazee wetu hawakuulizwa neno. Mwenye fedha hujenga njia apate akitakacho. China ina viwanda vingi vya chuma na saruji, na makampuni yatafutayo kazi ng'ambo. Nayo yajua itakacho.

Tazameni mikopo ile. Ilitiwa sahihi 2014 na Benki ya Exim ya China, dola bilioni 3.6 hivi kwa njia ya Mombasa hadi Nairobi. Wananchi hawakuonyeshwa karatasi. Baadhi yake zilitolewa hadharani Novemba 2022, miaka minane baadaye, ndipo tukasoma: vifaa vya kununuliwa vitoke China kwanza, ugomvi ukitokea uamuliwe Beijing, na habari za mkataba ziwe siri. Fundi wa kuchomelea wa Kisumu angeshindaniaje kazi ambayo masharti yake yamefungiwa kabatini?

Tena msidhani ni zawadi. Tangu 2013 bidhaa nyingi zitokazo ng'ambo hutozwa kodi ya reli, na mwenye duka huirudisha kwako wewe mnunuzi. Mahali petu paitwa kwa jina la sarafu ndogo. Hatuwezi kudharau senti zetu. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Kina mama wa samaki wanajua zaidi. Ngege waliogandishwa kutoka China wameuzwa hata Kisumu, ziwa likionekana pale pale. Ni kweli ziwa letu limepungukiwa, na mwenye njaa haulizi samaki katoka wapi. Lakini mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliposema samaki hao wazuiwe, ubalozi wa China ulilalamika, na samaki wakaendelea kuja. Sisi twaona si rahisi kubishana bei na mtu unayemdai muda wa kulipa deni.

Sasa kazi yenyewe. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akitimiza siku za kazi mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, si kibarua tena. Ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Mnyapara mjanja aijua sheria hiyo kuliko ninyi. Humpumzisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humwita upya kama mgeni. Kwa hiyo kila mmoja awe na daftari lake: tarehe, saa, jina la mnyapara, fedha alizopokea. Daftari la penseli limewahi kumwokoa mtu mbele ya hakimu.

Pia twataka vijana wafundishwe ufundi hasa, wasiachiwe koleo na toroli tu. Yawezekana: uendeshaji wa treni hizo ulianza kukabidhiwa Shirika la Reli la Kenya mwaka 2021, na Wakenya wanaziendesha. Na twataka mwakilishi wa chama aruhusiwe kuingia kambini tangu siku ya kwanza, kabla mtu hajaumia. Katiba ya 2010, ibara ya 41, yatupa haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Haikusema isipokuwa mahali mwajiri ni mgeni.

Barua ya kuomba tuonyeshwe mkataba wa sehemu ya Kisumu, kwa ibara ya 35 ya Katiba hiyo hiyo, iko kwa karani. Njoni na vitambulisho mtie sahihi kabla ya Jumamosi, na asiyejua kuandika aweke kidole.