Uso Si Nambari ya Siri: Kufungua Simu kwa Kutazama Kamera

Mazungumzo kwa wakazi wa Meru na Embu kuhusu usalama wa simu na pesa



Pesa za mkazi wa kaunti hizi mbili hazikai tena chini ya godoro. Mkulima wa miraa kule Igembe hulipwa kwa simu. Muuza muguka wa Mbeere pia. Mkulima wa majani chai au kahawa hupata ujumbe wa SACCO yake akiwa shambani. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari ikafuata mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019. Kwa hivyo, mtu akiiba simu, akaifungua na akaijua nambari ya siri ya pesa, hachukui tu kilichomo. Anaweza pia kukopa, na deni likabaki kwa mwenye laini.

Ndiyo maana swali linaloulizwa na wanunuzi wengi wa simu janja, kuanzia Gakoromone hadi mjini Embu, ni swali zito: simu inayofunguka kwa kutazamwa tu inalinda kweli? Jibu ni kwamba inategemea ni simu gani. Na hata kwenye simu bora kabisa, uso ni wa kurahisisha kazi. Kinachobeba ulinzi ni nambari ya siri iliyo nyuma yake.

Simu huutambuaje uso

Kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza hutumia kamera ya mbele peke yake, ile ile inayopiga selfi. Simu hupiga picha, hupima umbali kati ya macho, pua na mdomo, kisha hulinganisha na vipimo ilivyohifadhi siku mwenyewe alipojisajili. Simu nyingi za bei nafuu hutumia njia hii. Udhaifu wake uko wazi: kamera ya kawaida huona picha bapa. Haijui kwa urahisi kama iliyo mbele yake ni sura ya mtu au karatasi yenye sura ya mtu.

Njia ya pili hupima kina cha uso. Mfano unaojulikana zaidi ni Face ID, ambayo Apple iliileta mwaka 2017 kwenye iPhone X. Simu hiyo hurusha usoni zaidi ya nukta 30,000 za mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha husoma jinsi nukta hizo zinavyotua kwenye pua, mashavu na kidevu. Picha ya karatasi haina pua iliyochomoza, kwa hivyo haipiti. Kwa kuwa mwanga huo ni wa simu yenyewe, njia hii hufanya kazi hata gizani.

Apple inasema uwezekano wa mtu asiyejulikana kuifungua simu hiyo kwa uso wake ni chini ya 1 kati ya 1,000,000. Lakini kampuni hiyo hiyo inaonya kwamba uwezekano huongezeka kwa mapacha, kwa ndugu wanaofanana na kwa watoto walio chini ya miaka 13, ambao sura zao bado hazijakomaa. Mwaka 2017 nchini Marekani, mtoto wa miaka 10 aliifungua simu ya mama yake kwa kuitazama tu. Katika boma lenye mapacha, au lenye binti aliyetoka kama mama yake, jambo hili si la kupuuzwa.

Majaribio yameonyesha nini

Google ilipoleta kufungua kwa uso kwenye Android 4.0 mwaka 2011, haukupita muda mrefu kabla ya watu kuonyesha kwamba picha ingeweza kuidanganya. Mwaka uliofuata iliongezwa sharti la kupepesa macho, nalo pia likapatiwa ujanja.

Wengine hudhani hayo ni ya zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2019, chama cha watumiaji bidhaa cha Uholanzi, Consumentenbond, kilitangaza kwamba katika simu 110 ilizozijaribu, 42 zilifunguka kwa picha ya mwenyewe. Mwaka 2023, shirika la Which? la Uingereza lilipata simu 19 kati ya 48 zilizodanganywa kwa picha ya kawaida iliyochapishwa. Hizi zilikuwa simu mpya madukani, na baadhi hazikuwa za bei ya chini.

Simu zinazopima kina nazo zimewahi kudanganywa, ila kwa kazi kubwa zaidi. Mwaka 2017 kampuni ya Bkav ya Vietnam ilitengeneza kinyago kilichogharimu takriban dola 150 na kukitumia kuifungua iPhone X. Mwizi wa stendi ya matatu hana muda wa kutengeneza kinyago. Lakini picha ya mwenye simu anaweza kuipata dakika hiyo hiyo kwenye Facebook au WhatsApp. Hiyo ndiyo tofauti kati ya njia hizi mbili.

Google imeweka madaraja matatu kwa simu za Android. Kifaa kinachodanganyika zaidi ya mara 20 katika kila majaribio 100 ya ulaghai huwekwa daraja la chini. Kinachodanganyika mara 7 au pungufu hufikia daraja la juu. Daraja la chini huruhusiwa kufungua skrini tu. Programu ya benki haiwezi kulitegemea kumtambua mteja. Basi mkazi akiona programu ya benki yake inakubali alama ya kidole lakini inakataa uso, asidhani programu ni mbovu. Huenda simu yenyewe inamwambia kwamba kufuli yake ya uso ni dhaifu.

Je, uso wa Mwafrika unatambuliwa sawasawa?

Desemba 2019, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua uso. Programu nyingi zilikosea kwa kumchukua mtu mmoja kuwa ni mwingine, na makosa hayo yalikuwa mengi zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Yalikuwa machache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Mara nyingi tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100.

Vipimo hivyo havikuwa vya simu, kwa hivyo havitoi hukumu kwa simu yoyote iliyo mfukoni mwa mtu. Hata hivyo, vinafundisha jambo moja. Programu hujifunza kutokana na picha ilizolishwa, na ikilishwa picha chache za watu wa huku, itawatofautisha vibaya. Idadi inayotangazwa kwenye boksi la simu isichukuliwe kuwa imepimwa Maua au Runyenjes.

Simu inapomkataa mwenyewe

Tatizo la upande wa pili ni simu kukataa uso halali. Mchumaji wa miraa anayeamka kabla ya mapambazuko, akiwa na simu isiyo na mwanga wa infraredi, ataitazama mara tatu bila kufunguka. Mkazi wa Timau aliyejifunika kofia hadi nyusi na skafu hadi puani kwa sababu ya baridi atapata shida hiyo hiyo. Jua la mchana likipiga kamera moja kwa moja, au kioo kikiwa na vumbi na mafuta, matokeo ni hayo.

Hili si kosa la usalama, lakini huzaa kosa la usalama. Mtu akichoshwa na simu inayokataa, huweka nambari nyepesi kama 1234 ili aingie haraka. Hapo ameacha mlango wa nyuma wazi, kwa sababu uso ukikataa, simu huomba nambari. iPhone hufanya hivyo baada ya uso kushindwa mara tano. Mwizi hahitaji kuushinda uso. Anaweza kuuruka na kubahatisha nambari. Kwa hivyo kufuli ya uso haiwezi kuwa imara kuliko nambari iliyo nyuma yake.

Mwenye simu akiwa amelala

Nambari ya siri ina sifa moja ambayo uso hauna: mtu aliyelala hawezi kuitaja. Mwaka 2019 simu ya Google iitwayo Pixel 4 ilipotoka, waandishi wa habari waligundua kwamba ilifunguka hata macho ya mwenyewe yakiwa yamefumbwa. Google iliongeza baadaye sharti la macho kuwa wazi. Face ID huangalia kama macho yanaitazama simu, lakini sharti hilo linaweza kuzimwa kwenye mipangilio.

Wakenya wanaujua wizi wa kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulevya kwenye kinywaji au chakula. Aliyelewa dawa bado ana uso, na bado ana kidole. Anayesafiri usiku kwenda Nairobi, au anayekwenda mahali asipopaamini, anaweza kuizima simu na kuiwasha tena bila kuifungua. Simu ikiwashwa upya huomba nambari kwanza na haikubali uso wala kidole. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi moja.

Kufuli ya simu haifungi laini

Hapa ndipo wengi hupoteza. Simu ikiwa imefungwa vizuri kabisa, mwizi anaweza kutoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Hataingia M-Pesa bila nambari ya siri, lakini atapokea ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha, zile ambazo benki na barua pepe hutuma mtu anapodai amesahau nenosiri lake. Kinga yake ni kuiwekea laini nambari yake ya kuifunga kupitia mipangilio ya simu. Laini hiyo ikihamishwa, haitafanya kazi bila nambari hiyo. Asiyejua namna ya kuiweka aombe msaada kwenye duka la kampuni yake ya simu kabla ya kujaribu, kwa sababu nambari ikikosewa mara tatu laini hujifunga.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwanza, mwenye simu afanye jaribio nyumbani. Achukue picha yake iliyo wazi kwenye simu nyingine, kisha aionyeshe simu yake. Ajaribu pia kwa picha iliyochapishwa, kwa ndugu anayefanana naye, na yeye mwenyewe akiwa amefumba macho. Simu ikifunguka hata mara moja, azime kufuli ya uso na atumie nambari, au alama ya kidole pamoja na nambari.

Pili, aweke nambari ya tarakimu sita au zaidi. Isiwe mwaka wa kuzaliwa wala mwisho wa nambari ya kitambulisho, na isiwe sawa na ile ya M-Pesa.

Tatu, asihifadhi nambari za siri kwenye ujumbe, kwenye picha au kama jina la mtu kwenye orodha ya simu. Mwizi akishafungua simu, huko ndiko hutafuta kwanza.

Nne, aandike nambari ya utambulisho ya simu, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, na kuiweka nyumbani.

Tano, simu ikiibwa, kampuni ya laini ipigiwe mara moja kwa simu ya mtu mwingine ili laini na pesa vifungwe. Kisha benki na SACCO zijulishwe, na mwenyewe aende kituo cha polisi kuandikisha OB.

Haki za mwananchi

Kufungua simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu vipimo vya mwili, kama uso, kidole na mboni ya jicho, kuwa data nyeti.

Kuna sababu ya uangalifu huo. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa malipo. Serikali ilisimamisha shughuli hizo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data iliyokusanywa ifutwe. Kwenye iPhone na simu nyingi za Android, vipimo vya uso wa kufungulia hukaa ndani ya simu na havitumwi nje. Programu ya mkopo au ya mchezo inayotaka kupiga uso picha ni jambo jingine, na mkazi ana haki ya kuuliza data hiyo inakwenda wapi, au kukataa. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Nambari ya siri ikijulikana, hubadilishwa kwa dakika moja. Uso haubadilishwi, na kila mtu sokoni huuona. Anayeutumia kufungulia simu autumie kwa urahisi wake, ila pesa zake aziwekee siri iliyo kichwani.